Jinsi ya kufanya utafiti mdogo wa vidonda vya mgandamizo wodini kwako

Manesi wenzangu, nawasalimu kutoka Kigoma. Wengi tukisikia utafiti tunajua ni mambo ya watu wa vyuo, kumbe swali lenyewe limelala pale kitanda namba nne. Mimi lilinianza kwa bibi mmoja wa kiharusi, faili lake siku tano mfululizo limeandikwa ngozi nzima, siku ya sita namgeuza nimtandikie shuka nakuta kidonda juu ya makalio kidole kinaingia. Ndo kidonda cha mgandamizo hicho, kinachokuja mtu akilalia sehemu moja muda mrefu. Kile hakikutokea usiku mmoja jamani. Iliniuma sana, na toka hapo habari za ngozi siamini faili, naamini macho na mikono.

Hatua ya 1: swali. Liwe dogo la kuhesabika, mfano "leo hii, kati ya wagonjwa wote waliolazwa wodini, wangapi wana kidonda cha mgandamizo?" Ukisema unachunguza ubora wa huduma hutamaliza.

Hatua ya 2: ruhusa. Anza na inchaji na matroni, afu barua kwa mganga mfawidhi. Kama una mpango wa kuchapisha, protokali (mpango wa utafiti ulioandikwa) ipite kamati ya maadili kwanza, iwe ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au ya taasisi inayotambulika, kabla hujagusa data, maana kibali hakirudi nyuma. Mgonjwa naye aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa, huku kwetu kuna wazee Kiswahili kinawapiga chenga kabisa, basi aelezwe kwa Kiha, na ajue akikataa atahudumiwa vilevile. Asiyeweza kuongea, zungumza na ndugu yake.

Hatua ya 3: fomu, ukurasa mmoja tu. Weka namba badala ya jina, umri, ugonjwa, tarehe ya kulazwa, na alama za Braden. Hiki kipimo walikitunga Barbara Braden na Nancy Bergstrom kule Marekani, kinaangalia mambo 6: hisia, unyevu, kutembea, kujigeuza kitandani, lishe na msuguano. Alama zinaanzia 6 mpaka 23, akipata 18 kushuka chini yuko hatarini.

Hatua ya 4: siku yenyewe. Hapa ndo utafiti unapoharibika au kupona. Pita kitanda kwa kitanda siku moja, aliyeenda eksirei msubirini, msiruke mtu. Muwe wawili, mmoja atoke wodi nyingine, kila mtu aandike kivyake ndo mlinganishe. Vuta pazia, mgeuzeni, angalieni juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, kwa hiyo gusa, linganisha na ngozi ya pembeni, pana joto? pamekuwa pagumu? anasikia maumivu? Na ukikuta ndugu anasugua hapo na mawese kwa nia njema, mwelekeze taratibu aache kusugua, ngozi ya ndani tayari imeumia. Ukikuta kidonda, matibabu yaanze hapohapo, usiandike ukapita.

Hatua ya 5: hesabu. Wenye vidonda gawa kwa wote mliowakagua, zidisha kwa 100. Tuseme 6 kati ya 40, ni asilimia 15. Afu tenga waliokuja navyo toka nyumbani na waliovipatia wodini, ndo maana ngozi ikaguliwe siku ileile mgonjwa anapolazwa, bila hivyo huwezi kujua.

Hatua ya 6: peleka majibu kwenye kikao cha wodi bila kutaja shifti ya nani. Mara nyingi utakuta chanzo ni nesi mmoja usiku na wagonjwa kibao, kumgeuza kila mtu kila baada ya masaa mawili peke yake hawezi. Sisi tuliwafundisha ndugu kugeuza na tukabandika ratiba kitandani. Baada ya miezi mitatu rudia kwa fomu ileile, ila tarehe muijue wewe na inchaji tu, wodi ikisikia kuna ukaguzi kesho usiku huo watageuzwa wote na namba zako zitakudanganya.