Mnataka kuandamana kwa amani Kigoma mjini? Barua ya polisi inaandikwa hivi

Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia ni kila mwaka 25 Novemba mpaka 10 Desemba, na zikikaribia tu vikundi vya vijana na kina mama kuanzia Gungu, Mwanga mpaka Ujiji vinaanza kuulizana, jamani kibali cha kuandamana tunaombaje. Tuwekane sawa kwanza, kisheria hamuombi kibali, mnatoa taarifa. Zamani kibali kilikuwepo kweli, ila mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila alienda mahakamani na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema masharti yale yanapingana na katiba, ndo maana leo kifungu cha 43 cha sheria ya Jeshi la Polisi kinataka taarifa ya maandishi, isiyopungua saa 48 kabla. Kwahiyo kichwa cha barua kiwe YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI. Heshima muweke, ila msibembeleze.

Barua anaandikiwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), mkuu wa wilaya na mtendaji wa kata wapeni nakala tu.

Ndani sheria inataka mahali, muda na lengo, na hapa kwenye mahali ndo wengi wanaandika kijuujuu. Usiandike "mitaa ya mjini", andika njia yote, mfano tunaanzia Stesheni tunapanda Barabara ya Lumumba hadi viwanja vya Mwanga Community, kuanza saa 2 asubuhi kumaliza saa 5, maana trafiki wanapanga magari kwa kuangalia hiyo barua (na kama mna wazee na watoto anzieni Mwanga mteremke, kile kilima na jua la Kigoma sio mchezo). Ongezeni idadi ya watu mnaotegemea, mabango yatasema nini, mgeni rasmi nani, na namba za viongozi wawili watatu ambao simu zao zinapokelewa. Uwanja una barua yake kwa wenye uwanja, hiyo polisi haihusiki.

Chapisheni kopi mbili. Moja mnaacha, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe NA SAA, maana zile saa 48 mtazithibitisha kwa huo muhuri. Mkiandamana Jumamosi saa 2 asubuhi, mwisho wa kufikisha ni Alhamisi saa 2 asubuhi, lakini anayesubiri mpaka hapo anajitafutia presha, mimi ningepeleka wiki mbili kabla.

Baada ya hapo mnaendelea na maandalizi isipokuwa OCD atoe amri ya kuzuia, na sababu zake ziko kwenye sheria, kama kuhofia uvunjifu wa amani, usalama wa watu au kuwa lengo lenyewe si halali. Mara nyingi anawaita kwanza kuongea, nendeni watatu na mmoja awe anaandika, akisema njia ibadilishwe na inawezekana badilisheni halafu mpeleke barua ya marekebisho nayo igongwe muhuri.

Akizuia, ombeni amri hiyo kwa maandishi na msiingie barabarani, kwasababu mkusanyiko ukishakaidi amri unakuwa haramu na watakaokamatwa ni wale mama zetu mliowaita nyie. Rufaa inaenda kwa waziri wa Mambo ya Ndani na uamuzi wake kwenye sheria hiyo ndo wa mwisho. Rufaa haiwezi kutoka Alhamisi ikajibiwa Ijumaa, ndo faida nyingine ya kuwahi, na muwe na tarehe ya pili mkononi ndani ya zile siku 16.

Kitu kingine, sare na bendera za vyama ziacheni nyumbani. Kigoma watu wanapenda siasa mno, mtu mmoja akija na tisheti ya chama chake basi lengo mliloandika kwenye barua limeshageuka.

Siku yenyewe kiongozi wa msafara atembee na ile kopi yenye muhuri, na kama mliandika mnamaliza saa 5, ikifika saa 5 zimeni spika hata kama mgeni rasmi bado anaongea.