Jinsi ya kutumia namba za wodi kuwakinga watoto wachanga na baridi (ndio, hata Malindi)

Ukimwambia mtu wa Malindi kwamba watoto wachanga wanafika wodini wamepoa atakucheka, manake nje jua linachoma na kila mtu anatafuta feni. Lakini mtoto anazaliwa ametota, ngozi nyepesi, mafuta hana hasa akiwa njiti, na yale maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake, alafu kama amezaliwa thieta ndo kabisa, AC imewekwa kwa raha ya daktari aliyevaa gauni, sio kwa mtoto. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 mpaka 37.5 za selsiasi. Chini ya hapo amepoa, chini ya 36 tuanze kuwa na wasiwasi wa kweli, chini ya 32 ni mahututi. Mtoto aliyepoa anamaliza sukari haraka, anapumua kwa shida na anataka oksijeni zaidi, kwa hivyo shida tatu unazopambana nazo usiku mzima saa ingine zilianza na leso iliyolowa.

Haya maelezo ni ya sista, klinikali ofisa au mtu wa rekodi kwenye wodi ya watoto wachanga kama zetu za huku Pwani, uko na rejista, mafaili, na leptopu moja inayogombaniwa. Hakuna programu ya kununua.

Hatua ya 1: Chagua namba moja, na isiwe vifo

Najua bosi atataka vifo. Vifo muhesabu, lazima, lakini kama kipimo cha kila mwezi cha kuwaambia kama kazi yenu imebadilika vinadanganya sana kwenye wodi ndogo. Kwanza vinaruka juu na chini bila sababu kwa vile ni vichache. Pili vinategemea nani kalazwa: mkianza kupokea watoto wa chini ya gramu 1500 ambao zamani walikuwa wanapelekwa kwingine, vifo vitapanda hata kama mnawahudumia vizuri kuliko mwaka jana, ndo maana ukivitoa vitoe kwa makundi ya uzito, chini ya 1000, 1000 mpaka 1499, 1500 mpaka 2499, na 2500 kwenda juu. Tatu kuna wale wanaofia leba wodi kabla hawajafika kwenu, hao kwenye rejista yenu hawapo kabisa.

Joto la kufika ni tofauti. Kila mtoto analo, linapimwa kwa dakika, na likiwa baya kuna kitu cha kufanya kesho asubuhi. Kipimo chetu basi: katika watoto wote waliopimwa joto walipofika, wangapi walikuwa chini ya 36.5?

Hatua ya 2: Kabla ya kuamini namba, iulize maswali

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo penye kazi. Chukua mafaili ya miezi mitatu iliyopita, mkae wawili, mmoja asome mmoja aandike.

Angalia kwanza nafasi tupu. Tuseme mwezi umelaza watoto 40, joto limeandikwa kwa 34, na 17 kati yao wako chini ya 36.5. Usiseme 17 kwa 40, sema 17 kwa 34, yaani nusu, na pembeni andika 6 hawajulikani. Ukiwaficha hao 6 umejipa mchezo mzuri wa kuonekana bora kwa kutopima, na mara nyingi asiyepimwa ndo yule aliyeingia anafufuliwa, kila mkono uko kifuani, nani atakumbuka themometa.

Alafu angalia namba zenyewe. Ukikuta 36.5, 36.5, 36.5 ukurasa mzima, wallahi hao watoto hawakupimwa, waliandikwa. Namba za kweli zina 36.1 na 35.7 na 36.8, zimetawanyika. Ukikuta rundo la 35.0 shida inaweza kuwa themometa: zile za zebaki za zamani zinaanzia 35, haziendi chini, kwa hivyo mtoto wa 33 anaandikwa 35 na hakuna anayejua. Za dijitali za kawaida nyingi zinafika 32 alafu zinaandika Lo, na sista asiyejua aandike nini anaacha wazi. Kubalianeni: Lo inaandikwa Lo, na inahesabiwa kama amepoa.

La mwisho, joto lilipimwa saa ngapi? Likipimwa nusu saa baada ya mtoto kuwekwa chini ya hita, hilo ni joto la hita yenu. Lipimwe anapoingia mlangoni, kwapani, kabla ya kitu kingine chochote isipokuwa pumzi.

Nafasi tupu zikiwa nyingi, mwezi wa kwanza kazi yenu iwe kuzijaza tu. Themometa ifungwe kamba mezani pa kupokelea manake inatembea ile.

Hatua ya 3: Jedwali

Excel au daftari la mistari, vyote sawa. Mstari mmoja mtoto mmoja: namba ya mpangilio, tarehe na saa ya kufika, uzito, kazaliwa wapi (leba wodi yetu, thieta yetu, hospitali nyingine, nyumbani), joto, kafikaje. Basi. Ukiongeza safu ishirini utajaza wiki mbili uache.

Jina la mtoto na la mama yasiwemo. Ile karatasi inayounganisha namba na faili ikae kabatini wodini. Na tafadhali tuache kupiga faili picha na kutupa kwenye grupu la WhatsApp, sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mama wa watu hakukupa ruhusa.

Hatua ya 4: Chora, ubandike ukutani

Kila mwezi nukta moja, au kila wiki mbili kama mnalaza wengi. Pigeni mstari kwenye namba ya katikati ya zile nukta za mwanzo (zipangeni toka ndogo mpaka kubwa kwanza), zikiwa kumi na kitu ni bora. Nukta moja ikishuka msishangilie, ikipanda msimuite mtu ofisini. Nukta sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari ndo mseme kuna kitu kimebadilika, na zile zinazoangukia juu ya mstari wenyewe hazihesabiwi.

Ibandikwe pale chai inanyweka. Miaka mingi takwimu zetu zimekuwa zikipanda kwenda Nairobi kwa ripoti ya mwezi na hazirudi kwa aliyeziandika, sasa kwa nini aandike vizuri? Mtandao wa hospitali ulioanzishwa 2013 na KEMRI-Wellcome, hawa watafiti wa afya jirani zetu wa Kilifi, pamoja na wizara na chama cha madaktari wa watoto, unafanya hiyo ya kurudisha ripoti hospitalini, na nyinyi mnaweza kuifanya kwa karatasi ya manila.

Hatua ya 5: Gawanya ujue baridi inatoka wapi

Sasa ile safu ya kazaliwa wapi inalipa. Wa thieta wakiwa ndo wengi waliopoa, nendeni na grafu kwa watu wa thieta, kwa heshima, msiende na lawama. WHO inataka chumba cha kuzalia kiwe 25 mpaka 28, wekeni themometa ya ukutani muone wenyewe. Wakiwa ni wa transfa kutoka Marafa au Garashi, tatizo ni safari, dirisha la ambulensi wazi na mtoto kwenye leso moja. Wenzetu wa Lamu wao wana boti, mtoto anatoka Faza anapigwa na upepo wa kusi njia nzima.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, kidogo

Kwa zamu moja kwanza. Mfano: leso mbili, ya kwanza ya kumkausha inatupwa, ya pili kavu ya kumfunika, na kofia. Au wa transfa asafiri kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mama akiwa mzima wa kusafiri naye. Hii ya kangaruu, yaani mtoto kukaa ngozi kwa ngozi kifuani, sio ya kusubiri mtoto atulie tena, utafiti mkubwa uliotoka 2021 ulihusisha Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, na walioanzishwa mara moja walipungukiwa vifo kwa robo hivi, na WHO ikabadilisha mwongozo wake 2022. Mkiona bibi ameshika maji ya kumuogesha mtoto saa hiyo hiyo, mwombeni kwa adabu asubiri angalau siku moja.

Hesabuni pia wanaozidi 37.5. Watu wakishaambiwa baridi ni mbaya wanawasha hita hadi mtoto anakuwa mwekundu, na hiyo nayo si huduma.

Nukta zikishuka na kukaa chini, hamieni kwenye kipimo kingine, mimi ningechukua sukari, wangapi wako chini ya 2.5 mmol/l na wangapi hawakupimwa kabisa. Joto msiliache, kila mwezi vuteni mafaili kumi bila kuchagua mwangalie kama 36.5 zimeanza kufuatana tena.