Safari ya tanga ziwani: anza kwa kupanga kurudi

Mawimbi ya ziwa kubwa ni mafupi, yamesimama wima na yanafuatana upesi. Mashua ndogo haijainuka vizuri kutoka kwa moja, jingine limeshafika. Ndiyo maana mimi hupanga safari kuanzia mwisho.

Hatua ya 1: Tafuta saa ya kugeuza.
Ukienda na upepo wa nyuma, kurudi utapiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Kwa pembe ya nyuzi 45, kilomita 10 zinakuwa kama 14, na mwendo nao unapungua. Kwa hiyo nikienda kwa muda wa saa mbili, natenga saa nne za kurudi na mbili za akiba. Jua likizama saa 12 jioni, nageuza saa 6 mchana, nimefika nisifike. Saa hiyo iandike kabla ya kuondoka, maana ukishaonja upepo mzuri utajibembeleza uendelee.

Hatua ya 2: Usome upepo.
Sikiliza utabiri wa siku hiyo, kisha simama ufukoni utazame mwenyewe. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga huongezeka mara nne. Mapovu meupe yakitapakaa ziwani, ahirisha. Ukiwa na shaka kidogo tu, punguza tanga ungali nchi kavu. Kulipunguza huku mashua inayumba ni kazi ngumu na ya hatari. Ukisikia radi ukiwa majini, elekea nchi kavu iliyo karibu, usisubiri mvua.

Hatua ya 3: Weka alama za kujificha.
Kwenye ramani, chagua ghuba au upande wa kisiwa uliokingwa na upepo kwa kila kipande cha njia. Epuka ufuko wenye mawe ambako upepo unaisukumia mashua.

Hatua ya 4: Fungasha.
Makasia, nanga na kamba ndefu, kopo la kutolea maji yanayoingia mashuani, lililofungwa kwa kamba, filimbi, tochi, simu ndani ya mfuko usioingia maji. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe tangu ufukoni. Likiwa chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha kuanguka.

Hatua ya 5: Mwachie mtu ujumbe.
Aandike njia, idadi ya watu, rangi ya tanga, na saa ya kuwaita waokoaji usipompigia.

Mkipinduka, shikeni mashua, msiogelee kuelekea ufukoni. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na mashua huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.