Namna ya kutumia fonti iliyobanwa katika bango la Kiswahili

Neno MAADHIMISHO lina herufi 11, na mbili kati ya hizo ni M, ambayo hula nafasi kubwa. Ukiliandika kwa fonti ya kawaida juu ya bango lililosimama wima, utalazimika ama kulipunguza hadi lififie, ama kulikata mara mbili. Hapo ndipo inapofaa fonti iliyobanwa, yaani ile ambayo herufi zake ni ndefu kwa kimo na finyu kwa upana. Haja hiyo si ngeni: mwaka 1903 Morris Fuller Benton wa Marekani alichora fonti iitwayo Alternate Gothic kwa vipimo vitatu vya upana, ili mpiga chapa achague kulingana na nafasi aliyo nayo.

Kwa kuanzia, pakua Bebas Neue ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa, ambayo hutolewa bure. Ubavu wa O, D na U umenyooka kama nguzo, na unene wa mistari haubadiliki sana, hivyo neno zima husimama kama ua wa fito. Haina herufi ndogo. Kichwa cha bango lako, yaani maandishi makubwa ya juu, kikizihitaji, tumia Oswald ya Vernon Adams.

Andika kichwa, kisha kikuze kwa uwiano ule ule hadi kijaze upana wa bango. Usichukue fonti pana ukaibana kwa kuburuta ubavu wa kisanduku cha maandishi kwenye kompyuta, kwa sababu mistari ya wima itakonda huku ya ulalo ikibaki minene, na herufi zitaonekana kama zimekanyagwa. Katika fonti iliyochorwa finyu tangu mwanzo, mchoraji amekwisha kusawazisha unene huo. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye mabango ya mitaani, na halina udhuru, maana fonti za bure zipo.

Kichwa kikiwa na mistari miwili, isogeze karibu, kwa kuwa herufi kubwa hazina mikia ya kugongana na mstari wa chini. Katika MAONYESHO YA NG’OMBE WA MAZIWA, hakikisha kwamba alama ya ng’ ni ile iliyopinda, wala si kijiti kilichonyooka, kisha tazama kama imeacha pengo kabla ya O.

Maelezo marefu yaandike kwa fonti ya upana wa kawaida. Nambari za simu nazo zisibanwe zikiwa ndogo, kwani 3, 6, 8 na 9 huziba matundu yake na kufanana.

Mwishowe chapa nakala ya A4, ibandike ukutani, urudi nyuma hatua kumi. Ikiwa W na M zimegandamana na jirani zake, ongeza nafasi kidogo kati ya herufi za kichwa chote, kisha chapa tena.