Sabuni na mafuta ya mwili kwa kuchanga: tunavyofanya sisi wa Uyole

Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa Juni si mchezo. Unaoga maji ya moto alfajiri, hujamaliza kujifuta ngozi imeshapauka, midomo imepasuka, na magaga yananasa kwenye soksi. Nyumbani kwangu tuko saba. Kuna mwezi niliandika kwenye daftari kila cha mwilini nilichonunua dukani: sabuni za kuogea, mafuta ya kupaka ya wakubwa na ya watoto, ya midomo. Nilipojumlisha, ile hela ingelipa umeme na maji na chenji ikabaki.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Nilienda soko la Mwanjelwa peke yangu, nikanunua mafuta lita mojamoja, kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ya kupimiwa, kila kitu reja reja. Sabuni ilitoka nzuri, lakini nilipogawa gharama kwa idadi ya vipande, kila kimoja kilikuwa kimenigharimu kuliko cha dukani. Kwa hiyo nikwambie mapema: nafuu haiko kwenye kukoroga, iko kwenye kununua. Kama huna wa kuchanga naye, nunua ya dukani tu.

Sisi tuko kumi, wengi tulikuwa tayari kwenye mchezo wa upatu mmoja, na kijumbe wetu ndiye anayeshika hela. Kumi inatosha. Mkiwa wanne hamlimalizi dumu, mkizidi kumi na wawili siku ya kugawana inaisha kwa kununiana. Sharti letu ni moja na halina huruma: hela inamfikia kijumbe kabla ya safari, pamoja na ya kutolea. Asiyelipa hahesabiwi, hata awe dada wa tumbo moja. Mwanzoni tulikuwa tukimkopesha mmoja wetu kila mara, na deni lake lilikula punguzo lote tulilopata.

Mawese ya sabuni tunayafuata Kyela. Wawili wanapanda gari stendi ya Nane Nane, wengine tunachangia nauli. Kabla ya kwenda piga hesabu hii: tuseme kila lita kule imepungua shilingi 1,000 kuliko ya hapa mjini. Dumu la lita 20 linakuokolea 20,000. Toa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, toa ya mzigo, na kwa dumu moja utakuta mmesafiri bila faida. Madumu matatu ndiyo yanaanza kuleta maana. Tukiwa na hela ya dumu moja tunanunua papa hapa na hatuoni aibu.

Punguzo lina namna yake ya kuombwa. "Mama, nipunguzie" kila mteja anasema, na muuzaji amezoea kuisikia. Sisi tunasema hivi: "Mama, leo tunachukua madumu matatu, na baada ya miezi mitatu tunarudi kwako kuchukua mengine. Unatufanyiaje?" Halafu tunarudi kweli. Muuzaji wetu wa sasa hushusha bei kabla hatujafungua mdomo, na sisi tunaitikia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kabla ya kuhesabu hela. Uliza kwa wauzaji watatu, lakini usimdanganye yeyote bei aliyokutajia mwenzake. Hawa wanajuana.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye kukagua. Mawese yakipata baridi yanaganda, na dumu likiganda huoni kilichomo. Mara moja tulibeba dumu kutoka kwa muuzaji mmoja, tukaja kuliyeyusha nyumbani, tukakuta maji chini yanafika vidole vinne. Iliniuma sana, maana kati yetu kulikuwa na mama aliyeuza kuku ili apate mchango wake. Tangu siku ile tunaomba dumu liyeyushwe, tunachota mafuta ya chini kabisa kwa mpira, tunayaweka kwenye kikaango juu ya moto. Yakilia pwa pwa pwa kama kitunguu kibichi, yana maji. Tunapima na uzito pia: lita 20 za mawese safi ni kama kilo 18.

Kwa utaratibu huohuo tunachukua dawa ya meno na pedi kwa katoni au dazeni kutoka duka la jumla. Hapo hakuna ufundi, ni kugawana tu.

Tuje kwenye sabuni. Kipimo changu cha kipande laini cha kuogea ni mawese gramu 700, mafuta ya nazi gramu 300, kostiki gramu 145, maji gramu 330. Nazi ndiyo inayoleta povu. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki: gramu moja ya mawese inataka kama gramu 0.141, ya nazi kama 0.183. Ukijumlisha unapata karibu 154, kisha unapunguza kidogo ili mafuta yasiyogeuka sabuni yabaki kulainisha ngozi. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya. Vyote vipimwe kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu, hata maji. Kikombe kilishaniumiza: kundi langu la pili la sabuni nilipima kostiki kwa kikombe, na mwanangu alitoka bafuni analia mgongo unawaka. Nilimwagia maji mengi na sabuni yote nikaitupa.

Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu, na watoto wasiwepo. Fanyia nje au kwenye dirisha lililo wazi. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia. Usitumie sufuria ya alumini hata kidogo, kostiki inaitafuna na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au ndoo nene ya plastiki inayostahimili joto. Ikikugusa, osha kwa maji yanayotiririka muda mrefu. Ikiingia jichoni, osha huku mnaelekea hospitali.

Yeyusha mafuta, acha yapoe, na mchanganyiko wa kostiki nao upoe, mpaka ukishika vyombo vyote viwili kwa nje unasikia uvuguvugu wa maji ya kumwogesha mtoto. Mimina kostiki kwenye mafuta, koroga. Kwa mwiko ni nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo wawili mpokezane. Wapo wanaosisitiza kukoroga upande mmoja. Mimi sijaona tofauti. Ikiwa nzito kama uji na mwiko ukiacha alama juu, mimina kwenye boksi ulilotandika nailoni, lifunike blanketi. Baridi yetu inachelewesha, nasubiri siku mbili ndipo nakata. Kisha vipande vikae penye hewa wiki 4, na kipindi cha mvua wiki 6. Ukiona kipande kina vishimo vyenye majimaji au mafuta yamejitenga, usikiogee.

Rangi inatoka ya chungwa kwa sababu ya mawese. Msiyaunguze ili yawe meupe, yanaweza kulipuka moto. Rangi hiyo inafifia yenyewe taratibu.

Mafuta ya kupaka ni rahisi zaidi, hata binti wa darasa la sita anayaweza mkisimama naye. Nta ya nyuki gramu 20, mafuta ya parachichi 100, ya nazi 40. Weka kwenye bakuli, bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, nta ikiyeyuka mimina kwenye vikopo vikavu. Kipimo cha Dar es Salaam usikichukue kama kilivyo: kule wanazidisha nta ili yasiyeyuke kwa joto, huku mafuta ya nazi yanaganda yenyewe karibu mwaka mzima, ukizidisha nta utapata mshumaa. Kwa magaga, changanya kijiko cha mafuta hayo na cha sukari, sugua baada ya kuloweka miguu, kisha vaa soksi ulale.

Mafuta ya parachichi tunanunua yaliyokamuliwa. Rungwe na Njombe matunda yaliyokataliwa na wanunuzi wa nje hupatikana kwa bei ndogo, na nilijaribu kukamua mwenyewe: unaponda, unatandaza juani mpaka yawe meusi, unaminya kwa kitambaa. Ndoo nzima ikanipa kikombe. Na usiweke parachichi bichi wala maji kwenye kopo la kupaka, yataota ukungu. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono wa ndani, subiri siku moja.

Dawa ya meno hatutengenezi. Mafuta ya kukinga jua vilevile, na mwenye ualbino asidanganywe na mafuta ya nyumbani yoyote. Mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua, haukanyagi kwenye kundi letu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na zinaharibu watu. Na anayetaka kuuza aende TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwanza, wao ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019. Vyetu ni vya kuogea nyumbani.

Safari inayofuata ni wiki ya kwanza ya Mei, ili sabuni ikomae kabla baridi haijashika. Michango ya kwanza mitano imeshafika kwa kijumbe.