Batiki ya Nta Nyumbani: Kutoka Kitambaa Cheupe Hadi Oda ya Sare

Mteja akiloweka batiki yake kwa mara ya kwanza na maji ya beseni yakageuka mekundu, hatarudi, na wenzake hawatakuja. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kitambaa na rangi kuliko kwenye maua na michoro. Kuchora utazoea kadiri unavyofanya. Rangi ikichuja, mara nyingi kosa liko kwenye vipimo, na vipimo vinafundishika.

Vipimo vyote hapa ni vya kipande cha mita 4 chenye upana wa sentimita 150. Kijiko ni kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu, si cha mlima.

Hatua ya 1: Kitambaa

Nunua pamba tupu, nyeupe, isiyo na maua ya kufumwa. Kila muuzaji atakwambia ni pamba, kwa hiyo chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake hupukutika ukiyasugua vidoleni. Uzi ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, kuna poliesta ndani, na rangi hizi hazishiki poliesta. Jaribu nyuzi za urefu na za upana, kwa sababu vitambaa vingine vimechanganywa upande mmoja tu.

Kitambaa kipya huwa kimetiwa wanga kiwandani. Kichemshe nusu saa na sabuni ya unga, suuza, anika, piga pasi. Usipokichemsha, rangi itaingia kwa mabaka. Kikichemshwa pia hurudi, yaani husinyaa kidogo, kwa hiyo nunua mita 4 na robo ili umuuzie mteja mita 4 kamili. Kitambaa kirudi kwako, kisirudi kikiwa tayari ni gauni.

Hatua ya 2: Vyombo

Sufuria nyingi za majumbani ni za alumini, na kostiki, yaani magadi makali yanayotiwa kwenye rangi, inakula alumini: maji yanatoa povu na moshi, sufuria inatoboka na rangi inaharibika. Kwa rangi tumia ndoo na mabeseni ya plastiki ngumu tu. Sufuria ya alumini ibaki kwa kazi ya nta na ya kuchemsha.

Utahitaji pia glavu ndefu za mpira zinazofika karibu na kiwiko, miwani ya kukinga macho, barakoa, mwiko wa mbao na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu na nailoni juu yake. Vyombo hivi visirudi jikoni hata vikioshwa vipi, na watoto wasiwepo karibu wakati wa kazi.

Hatua ya 3: Kupiga nta

Changanya sehemu 2 za parafini (mishumaa myeupe inafaa) na sehemu 1 ya nta ya nyuki. Parafini peke yake ni kavu: hupasuka ovyo na kubanduka ndani ya maji, na ulichotaka kibaki cheupe kinapata rangi. Nta ya nyuki inailainisha. Ukipenda zile nyufa nyembamba zinazopendeza kwenye batiki, ongeza parafini kidogo na uikunje nta ikishapoa.

Yeyusha kwa moto mdogo. Nta ikianza kufuka moshi, imepita kiasi, itoe motoni. Ikishika moto, ifunike kwa mfuniko mzito, na kamwe usiimwagie maji, maana yatairusha nje ikiwa inawaka.

Kwa chapa, kata sponji la godoro la unene wa sentimita 5 hivi kwa umbo unalotaka: jani, duara, samaki. Lifunge kwenye kipande cha mbao uwe na mahali pa kushika. Lichovye, likamue kidogo pembeni mwa sufuria, kisha ligandamize mara moja bila kuliburuza. Halafu geuza kitambaa uangalie mgongoni. Nta iliyopenya huonekana upande wa pili kama doa la mafuta, kitambaa kikawa kama kioo chenye ukungu. Ukiona nta nyeupe imekaa juu tu, imepoa mno. Rangi itapita chini yake na ua lako litatoka na kingo chafu. Pasha tena, na mahali hapo piga nta kutokea mgongoni.

Hatua ya 4: Rangi

Nunua rangi za batiki zinazotumia kostiki na haidro (sodiamu haidrosulfaiti, unga mweupe wa kuyeyushia rangi). Maduka mengi yanauza pia rangi ya kuchemshia ukili wa mikeka, na kwa macho ni unga ule ule. Hiyo kwenye pamba itachuja tu. Muulize muuzaji waziwazi.

Unga wa rangi hii hauyeyuki kwenye maji. Haidro, ikisaidiwa na kostiki, ndiyo inayoubadilisha ukayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi. Kitambaa kikitoka nje, hewa inaurudisha kwenye hali yake ya kwanza, ukiwa umenasa humo humo ndani ya uzi. Ukilielewa hilo, makosa mengi utayatambua mwenyewe.

Kwa rangi ya wastani: rangi vijiko 2, kostiki vijiko 2, haidro vijiko 4. Kwa rangi nzito: 3, 3 na 6.

Lowesha unga kwa maji ya moto kidogo kwenye jagi la plastiki hadi uwe kama uji mzito usio na madonge. Ongeza lita 1 ya maji ya moto kiasi, yasiyokaribia kuchemka. Nyunyiza kostiki kidogo kidogo ukikoroga. Siku zote kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka, papo hapo. Kisha nyunyiza haidro, koroga taratibu bila kutengeneza povu, funika, subiri dakika 10.

Rangi ndani ya jagi itabadilika. Njano nyingi hugeuka zambarau au buluu; usiogope, na usiongeze kitu. Dondosha tone moja kwenye karatasi ya tishu. Likisambaa sawasawa bila chembechembe, kisha likaanza kurudi kwenye rangi yake mbele ya macho yako, dawa imeiva. Chembechembe zikibaki katikati ya tone, ongeza nusu kijiko cha haidro na usubiri dakika 5 nyingine.

Kwenye beseni weka lita 9 za maji vuguvugu, kiasi ambacho mkono unavumilia bila taabu, maana maji ya moto yatayeyusha nta. Tia humo nusu kijiko cha haidro kwanza ili kuondoa hewa iliyo ndani ya maji, kisha mimina rangi ya jagi ukiichuja kwa kitambaa chepesi.

Kitambaa kiingie kikiwa kimeloweshwa tayari kwa maji baridi. Kigeuze polepole chini ya maji kwa dakika 15 hadi 20. Usikiinue kuchungulia. Kila sehemu inayochomoza juu inakutana na hewa kabla ya wakati, na hapo ndipo mabaka yanapozaliwa. Ukitoa, kifungue chote na ukitundike kivulini nusu saa hadi rangi irudi kamili, halafu suuza mpaka maji yawe meupe.

Haidro ndiyo inayowaangusha wengi. Ikinyonya unyevu inakufa, na ukiitumia, rangi inabaki unga uliokaa juu ya kitambaa na kutoka siku ya kwanza ya kufua. Nunua kidogo kidogo, ihifadhi kwenye chombo kikavu kinachobana, chota kwa kijiko kikavu. Mkebe wake usiwahi kuingia maji, kwani hupata joto yenyewe na inaweza kuwaka.

Hatua ya 5: Rangi ya pili na ya tatu

Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito. Panapobaki peupe piga nta kwanza, tia njano, kausha kabisa, funika kwa nta panapobaki njano, halafu tia rangi inayofuata. Buluu juu ya njano itakupa kijani, panga mchoro wako ukijua hivyo. Nta haishiki kitambaa chenye unyevu, na haraka ya hapa ndiyo inayoharibu kazi ya asubuhi nzima.

Hatua ya 6: Kutoa nta

Chemsha maji mengi na sabuni ya unga, tumbukiza kitambaa, korogakoroga dakika 5, kihamishie kwenye maji mengine ya moto, rudia hadi kisiteleze mkononi. Acha maji ya kwanza yapoe. Nta itaganda juu, uikusanye kwa kazi nyingine. Lakini ikaushe kwanza na uipashe kwa moto mdogo sana, kwa sababu maji yaliyonasa ndani huifanya iruke.

Piga pasi, kisha sugua kona moja mara 10 kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikibaki cheupe, uza. Kikishika rangi, ichemshe batiki tena na sabuni hadi iache kuchuja. Usimpelekee mteja kwa kumwambia atie chumvi.

Bei

Huu ni mfano. Weka bei za sokoni kwako. Kitambaa shilingi 16,000, rangi na dawa 6,000, nta inayopotea 2,000, mkaa na sabuni 3,000. Jumla ni 27,000. Saa 5 za kazi kwa 2,000 kila saa, 10,000. Ongeza 2,700, yaani moja ya kumi ya ile 27,000, kwa kuwa kipande kimoja katika kumi kitaharibika tu. Umefika 39,700, na hapo bado hujapata faida. Mwenye duka akitaka kwa 35,000 kwa kuwa anachukua vingi, anachukua karibu nusu ya jasho lako bure. Bei ya jumla iwe walau 44,000, ya rejareja 50,000. Wengi huacha kuhesabu zile saa 5, na mwisho wa mwaka hawaelewi mtaji umekwenda wapi.

Kuuza

Piga picha asubuhi, kivulini, nje ya nyumba. Taa ya ndani huifanya buluu ionekane kijani na mteja atasema umemdanganya. Weka picha mbili: kipande kizima kimetundikwa, na karibu kabisa pamoja na mkono wako ili ukubwa wa ua uonekane. Andika mita, upana, na kwamba kimesharudi. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo Tanzania, huwa na mafunzo ya wajasiriamali wadogo, na viwanja vya maonyesho vya Sabasaba na Nane Nane ni mahali pazuri pa kuona wenzako wanauza nini na kwa kiasi gani.

Biashara hii ina nguvu zaidi kwenye sare: kamati za harusi, kwaya, vikundi vya akina mama. Usianze bila nusu ya malipo mkononi, na usikubali oda ya vipande 20 kabla hujawa na daftari la sampuli. Kila unapotia rangi, tia pia kipande cha sentimita 10 kwa 10, kibane daftarini, andika pembeni rangi gani, ya duka gani, vijiko vingapi, maji lita ngapi, dakika ngapi. Mwenyekiti wa kamati achague kutoka humo na aweke sahihi yake kando ya alichochagua.

Kwa oda ya sare nunua rangi yote siku moja, kutoka mkebe mmoja, na uipime kwa mizani badala ya kijiko. Tia rangi vipande viwili vya ziada. Siku tatu kabla ya sherehe atatokea shangazi ambaye hakuhesabiwa, na wakati huo mkebe ule umekwisha.