Chatu Mgeni Anapokataa Kula

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye kitaalamu huitwa Python regius na ambaye hujikunja kama mpira akiogopa, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi zaidi Ulaya na Marekani, na ndiye anayewakosesha usingizi wafugaji wapya, kwa kuwa akihamishwa huweza kukaa wiki kadhaa bila kugusa chakula. Wangu, niliyemnunua hapa Ujerumani akiwa na gramu 210, alikataa kula kwa siku 33, na katika siku hizo nilijifunza kwamba kosa halikuwa kwenye chakula bali kwenye nyumba niliyomwandalia.

Nyoka hatumii mlo wake kuzalisha joto la mwili kama tufanyavyo sisi, ndiyo maana chatu mzima mwenye afya anaweza kufunga kwa miezi, hasa dume wakati wa msimu wa kuzaliana. Mtoto hana akiba hiyo, kwa hiyo mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha andika uzito huo daftarini. Akipungua zaidi ya asilimia 10, akikoroma anapopumua, au ukiona ute mdomoni, usijaribu mbinu nyingine yoyote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua nyoka.

Akiwa na afya njema, anza na joto. Upande mmoja wa sanduku unapaswa kuwa na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, na chombo chochote cha kupasha joto lazima kiunganishwe na kidhibiti joto ili kisimuunguze. Mimi nilikuwa nimebandika kipimajoto juu kwenye kioo, kikasoma 32 kila siku nami nikaridhika, hadi nilipoweka kingine sakafuni, pale hasa anapolaza tumbo, nikakuta 27. Nyoka aliyepoa hawezi kusaga chakula vizuri, na kwa kukataa alikuwa akijilinda. Mwekee pia maficho mawili, moja kila upande, yenye nafasi finyu kiasi kwamba akijikunja ubavu wake unagusa kuta, kisha funika kioo kwa karatasi pande tatu. Unyevu wa asilimia 60 hivi unamtosha.

Baada ya hapo mwache siku saba kamili, ukibadilisha maji tu bila kumshika. Najua ni vigumu, kwa sababu mtu akishampenda mnyama wake hutamani kumbeba, lakini kila unapomtoa unamrudisha kwenye hofu ya siku ya kwanza. Macho yake yakigeuka ya buluu yenye ukungu, anakaribia kujivua gamba, na wengi hawali mpaka wamalize.

Muulize aliyekuuzia alikuwa akimlisha nini hasa, na usiridhike na jibu la haraka. Mimi niliambiwa kwamba amezoea panya wa friza, kumbe alikuwa amelishwa vipanya hai tu. Chagua panya ambaye unene wake hauzidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Myeyushe kwenye jokofu usiku kucha, kisha mtie ndani ya mfuko uliofungwa na uuzamishe katika maji ya moto ya bomba hadi afikie nyuzi 38 hivi. Usitumie maikrowevu, kwani humpika ndani na kumpasua. Mkaushe manyoya, na mwisho kabisa upashe joto kichwa chake, kwa maana chatu ana vijishimo midomoni vinavyohisi joto, na kichwa chenye joto ndicho anachokilenga.

Mlishe jioni taa zikiwa hafifu. Mshike panya kwa koleo refu, mpitishe polepole mbele ya maficho, na usimsukume usoni pa nyoka. Wangu alitoa ulimi mara moja, akatulia, akautoa tena kwa haraka zaidi, shingo ikajivuta nyuma taratibu kama herufi S. Hapo nilishikilia pumzi, na kabla sijaiachia alikuwa amekwisha kumnyakua na kumzungushia mizingo miwili.

Akikataa, mwache panya mlangoni pa maficho hadi asubuhi, kisha mtupe na usubiri siku saba nyingine. Wiki inayofuata unaweza kumsugua panya mpya kwa matandiko ya panya shamba, yule yule anayewasumbua wakulima wa Morogoro, ambaye wauzaji wa chakula cha nyoka Ulaya humfuga kwa kuwa chatu hawa hupenda sana harufu yake. Usimfungie nyoka pamoja na panya hai na kuondoka, kwani panya humtafuna nyoka asiyetaka kula hadi kumtia vidonda vibaya. Na kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari peke yake.

Akishameza, osha mikono na koleo kwa sabuni, kwani friza haiui bakteria wa salmonela. Usimshike kwa saa 48, la sivyo anaweza kutapika, na mlo wa pili umpe baada ya siku saba, panya wa aina ile ile, saa ile ile.